Gari la Udongo Lifike Arua

Watu wa Dadamu, hapa Arua, wanayajua maigizo ya Asia kuliko wanavyodhaniwa. Jua likishazama, ukipita barabarani utasikia kilio cha mama mkwe wa Kihindi au vishindo vya mapanga ya Kikorea kutoka ndani ya kibanda cha video, na juu ya kelele zote hizo sauti ya mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Huyo ndiye VJ. Watazamaji waliobanana kwenye mabenchi hawajui Kihindi wala Kikorea, na yeye mwenyewe huenda hajui. Kisa, hata hivyo, anakijua barabara. Waigizaji wakianza kuzungumza hupunguza sauti ya filamu akatafsiri, ngoma zikilia huirudisha juu. Tajiri dhalimu wa Mumbai humpachika jina la mtaani, na nyumba yake ya ghorofa huihamishia mahali ambapo kila mtu anapafahamu. Nimewahi kukaa nyuma ya VJ mmoja nikamtazama mikono. Wa kushoto ulikuwa kwenye kitufe cha sauti, wa kulia umeshika kipaza, macho hayabanduki kwenye skrini. Na akiingia mtu aliyechelewa, alimweleza yaliyopita kwa sentensi mbili bila kupoteza mahali alipofika. Binti wa kwenye filamu alipolia, sauti ya VJ nayo ilikatika, na kibanda kizima kikanyamaza.

Kazi ile ina ukoo mrefu. Katika maigizo ya kale ya India, kabla kisa hakijaanza, kiongozi wa kikundi alijitokeza mbele ya watu. Aliwasalimu, akawatajia mtunzi, akaanza mazungumzo na mke wake au na mwigizaji mwenzake, na kabla hadhira haijatambua, ilikuwa imeshaingia ndani ya hadithi. Walimwita sutradhara. Alijua namna ya kuwachukua watu kutoka walipokaa hadi mahali wasipopajua, na VJ wetu anaijua kazi hiyo bila kufundishwa na mtu.

Tunachokosa ni jukwaa. Kwa miongo mingi mkoa wetu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, umepokea hadithi za Asia kupitia skrini, upande mmoja tu, bila waliozitunga kutujua na bila sisi kuwajibu. Hoja yangu ni kwamba Arua na Koboko zina sababu kubwa, pengine kubwa kuliko mji mwingine wowote wa Uganda, ya kuwa na kikundi kinachoigiza tamthilia za Asia kwa lugha zetu, kwa kushirikiana na Wahindi wanaoishi kati yetu na wale waliofukuzwa mwaka 1972. Najua wengi wataiona ni ndoto ya mchana. Lakini kazi ya namna hiyo imekwisha kufanyika mahali pengine, na aliyeianzisha ni mtoto wa Afrika Mashariki.

Jatinder Verma alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1954, akakulia Nairobi. Februari 1968, akiwa kijana mdogo, aliingia Uingereza pamoja na maelfu ya Wahindi wa Kenya waliokuwa wakiwahi mlango kabla haujafungwa. Walikuwa na pasi za Uingereza mikononi, ila serikali ya London ilikuwa mbioni kutunga sheria ya kuwazuia, na sheria hiyo ilianza kazi mwanzoni mwa Machi mwaka huo huo. Kijana akaanza maisha katika nchi iliyompa pasi ikamnyima makaribisho.

Miaka minane baadaye, tarehe 4 Juni 1976, kijana wa Kisikh aliyeitwa Gurdip Singh Chaggar, mwenye umri wa miaka 18, alichomwa kisu akafa huko Southall, magharibi mwa London. Waliomuua ni genge la vijana wa Kizungu. Vijana wa Kiasia wakaingia barabarani. Baadhi yao wakaunda vyama vya kujilinda. Verma na wenzake wanne wakaunda kikundi cha maigizo, wakakiita Tara Arts. Agosti 1977 walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Battersea Arts Centre. Mchezo wao uliitwa Sacrifice, tamthilia ya Rabindranath Tagore ambayo kwa Kibengali inaitwa Visarjan na iliandikwa mwaka 1890.

Uchaguzi huo unanishangaza kila ninapoufikiria. Kisa chenyewe kinaanza na mbuzi. Msichana maskini, Aparna, analia mbele ya mfalme wa Tripura kwamba mbuzi aliyemlea kwa mikono yake amechukuliwa akachinjwa hekaluni, sadaka kwa mungu wa kike Kali. Mfalme anaguswa, anapiga marufuku sadaka ya damu katika ufalme wake wote. Kuhani mkuu Raghupati anaona kwamba amri hiyo imegusa mamlaka yake. Malkia, ambaye kwa miaka amekuwa akiomba mtoto, anaogopa kwamba mungu atakasirika, anasimama upande wa kuhani. Njama inasukwa: kama mungu amenyimwa damu ya mbuzi, basi apewe damu ya mfalme. Anayetumwa kuua ni Jaisingh, kijana aliyelelewa na kuhani kama mwanawe wa kumzaa. Jaisingh hawezi kumuua mfalme, na hawezi kumkataa baba aliyemlea. Anajichoma kisu mwenyewe mbele ya madhabahu. Kuhani aliyetaka damu amepewa damu ya mtoto wake, na kwa uchungu anaichukua sanamu ile ya mungu anaitupa mtoni.

Sasa fikiria vijana watano wa miaka 20 na kitu, mwenzao ameuawa mwaka uliopita kwa sababu ya rangi yake. Wangeweza kuandika mchezo wa kuwashtaki Wazungu, na nani angewalaumu? Badala yake walichukua tamthilia inayowauliza watu wa jamii yao wenyewe juu ya damu: ni nani anayeidai, kwa jina la nani, na ni mtoto wa nani anayelipa. Wakaipeleka mbele ya majirani zao wa kila rangi. Hapo ndipo ninapoona uzito wa kikundi kile. Walileta tamthilia ya Asia London kwa sababu walikuwa na jambo la kufa na kupona la kusema, na tamthilia hiyo ililisema vizuri kuliko nyingine. Mavazi na ngoma vilifuata nyuma.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Kikundi kilikua, mwaka 1983 kikapata makao yake Earlsfield, kusini mwa London, kando ya njia ya reli. Verma aliwaachia waigizaji walete lafudhi zao, na maneno ya Kipunjabi, Kigujarati na Kiurdu yakaingia ndani ya Kiingereza cha jukwaani. Mpiga ngoma alikaa mahali anapoonekana. Mwigizaji mmoja aliweza kusimulia, akacheza, akaimba, akarudi katika mazungumzo bila taa kuzimwa. Mbinu hizi walizipata kwa kufanya kazi na watu wa India kwenyewe, kama mwongozaji Anuradha Kapur, ambaye baadaye aliongoza Shule ya Taifa ya Maigizo mjini Delhi. Mchezo wa Gogol wa Kirusi, ule wa viongozi wa mji mdogo wanaotetemeka wakisikia mkaguzi wa serikali anakuja, waliuhamishia katika mji mdogo wa India. Mwaka 1990 Verma akawa mwongozaji wa kwanza asiye Mzungu katika National Theatre ya London. Alifanya Tartuffe ya Molière, akaiweka katika jumba la mfalme Aurangzeb, ikiigizwa na waigizaji wa Kiasia watupu. Mwaka uliofuata, katika ukumbi huo huo, alileta tamthilia ambayo kikundi chake kilikuwa kimeshaihangaikia tangu miaka ya 1980: Mrichchhakatika, Gari Dogo la Udongo.

Hii ndiyo ninayoitaka Arua.

Tamthilia yenyewe ni ya Kisanskriti, imepewa jina la mtunzi aitwaye Shudraka, na ina umri wa zaidi ya miaka 1,500 kwa makadirio ya wengi. Mji ni Ujjain. Charudatta ni mfanyabiashara wa ukoo wa heshima aliyefilisika kwa ukarimu wake. Nyumba imebaki kuta. Vasantasena ni kahaba tajiri, mzuri, msomi, anayempenda Charudatta kwa moyo wake na kumkataa shemeji wa mfalme, Samsthanaka, mtu mwenye cheo asichokifanyia kazi na ujinga asioujua. Jina la tamthilia limetoka katika tukio dogo. Mtoto wa Charudatta analia: alikuwa akichezea gari la dhahabu la mtoto wa jirani, mwenyewe amelichukua, na sasa yaya amemtengenezea la udongo. Halitaki. Vasantasena anavua vito vyake, anajaza gari lile la udongo, anamwambia mtoto akanunue la dhahabu. Vito hivyo hivyo baadaye vitaletwa mahakamani kama ushahidi wa kumhukumu Charudatta kifo, akisingiziwa kwamba amemuua Vasantasena.

Kuna mwizi pia, Sharvilaka, anayetoboa ukuta wa nyumba usiku huku akijadili na nafsi yake umbo gani la tundu litawapendeza majirani asubuhi. Anaiba ili amkomboe mpenzi wake aliye mtumwa. Kuna wacheza kamari wanaofukuzana kwa madeni, mmoja wao anaishia kuwa mtawa wa Kibuddha. Na nyuma ya yote kuna siasa: mfalme Palaka, ambaye hatumwoni hata mara moja, amemtia gerezani mchunga ng'ombe aitwaye Aryaka kwa sababu mtabiri alisema atakuja kutawala. Aryaka anatoroka, pingu bado mguuni.

Hapo panakuja onyesho ambalo mtu wa Koboko hahitaji kuelezwa. Aryaka amejificha ndani ya gari la ng'ombe la Charudatta, mapazia yamefungwa. Dereva anadhani amembeba Vasantasena. Njiani kuna kizuizi, na askari wawili, Viraka na Chandanaka. Gari linasimamishwa. Chandanaka anapanda kukagua, anafunua pazia, anakuta mkimbizi uso kwa uso. Mkimbizi anaomba ulinzi. Chandanaka anaamua palepale kumficha. Anashuka kutoa taarifa kwa mwenzake, lakini ulimi unateleza: anaanza kumtaja mwanamume, anajisahihisha, anasema ni bibi Vasantasena. Viraka anashuku. Wewe umesema nini kwanza? Na Chandanaka, jasho linamtoka, anajitetea kwamba yeye ni mtu wa kusini, watu wa kusini husema ovyo ovyo, wanajua lugha nyingi za mataifa ya mbali, nani ahesabu wanavyotamka? Anaanzisha ugomvi makusudi, anampiga mwenzake teke, gari linapita.

Nenda kwenye barabara inayotoka Arua kupitia Koboko hadi Oraba, au zile za kuelekea Vurra, na Ariwara iliyo ng'ambo, nchini Kongo. Mipaka ya nchi tatu inakutana karibu na Koboko pale Salia Musala. Mtu akisimamishwa kizuizini katika nchi hii, kinachoamua hatima yake mara nyingi ni ulimi: ametamkaje, amejibu kwa lugha gani, jina lake ni la upande upi. Kuna wazee hapa ambao wako hai kwa sababu askari mmoja kizuizini aliamua kutosikia alichokisikia. Shudraka aliandika jambo hilo kabla Arua haijawa mji.

Tena tamthilia nzima imejengwa juu ya lugha nyingi. Watu wenye elimu na vyeo huzungumza Kisanskriti. Wanawake, watumishi, askari, wacheza kamari na wanyongaji wana lugha zao za mitaani, kila mmoja ya kwake. Samsthanaka ana matamshi yake yanayomchekesha kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Hata yule kiongozi wa kikundi, akishasalimu kwa Kisanskriti, anawaambia watu waziwazi kwamba sasa anahamia lugha ya kawaida, kwa kuwa kazi iliyo mbele yake inadai hivyo. Ukimpelekea mwongozaji wa London tamthilia hii, lazima ahangaike sana kutafuta mbadala wa lugha hizo. Arua hazihitaji kutafutwa. Asubuhi moja sokoni mtu husikia Kilugbara, Kialur, Kimadi, Kiaringa, Kikakwa, Kinubi, Kiswahili, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiingereza, na muuza samaki mmoja huzipitia tano kabla ya saa nne.

Lakini sababu yangu kubwa si lugha. Ni historia, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ni jambo ambalo sisi watu wa West Nile hatulizungumzi vya kutosha.

Agosti 1972 Idi Amin, ambaye asili ya ukoo wake ni Wakakwa wa Koboko, alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka. Karibu 28,000 wakapokelewa Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaomba wasije huko. Walikwenda hata hivyo. Miji yetu ilikuwa na maduka yao, pamoja na Arua, na maduka hayo yakagawiwa watu wengine. Tangu siku hiyo jina la mkoa wetu na kufukuzwa kwao vimefungwa pamoja vichwani mwa watu wengi, ndani na nje ya Uganda.

Sehemu ya pili ya hadithi husimuliwa mara chache zaidi. Amin alianguka Aprili 1979. Oktoba 1980 wapiganaji waliokuwa wamekimbilia Sudan walivuka wakashambulia Koboko na Arua, na jeshi la serikali, UNLA, likalipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwaua watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Katoliki ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua. Sehemu kubwa ya watu wa West Nile wakawa wakimbizi Zaire na Sudan, kwa kosa la kutoka mahali alikotoka Amin. Walitembea usiku na watoto mgongoni, wakaacha ng'ombe, wakaacha mashamba, wakaacha makaburi. Miaka tisa tu baada ya Wahindi kufunga masanduku yao, watu wa hapa walifunga mafurushi. Na leo ni sisi tunaopokea: Bidibidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016 ikawa miongoni mwa makazi makubwa ya wakimbizi duniani, wengi wao wakitoka Sudan Kusini.

Mwaka 2002 Verma na kikundi chake walitengeneza mfululizo wa tamthilia tatu walioupa jina la Journey to the West. Ya kwanza ilihusu vibarua wa Kihindi wa reli ya Uganda, ile iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901 na watu zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India. Ya pili ilihusu kuondoka Kenya mwaka 1968, ya tatu watoto wao waliozaliwa Uingereza. Zilitokana na simulizi za watu wenyewe. Mwaka 2022, miaka 50 baada ya tangazo la Amin, ukumbi wa Curve mjini Leicester nao ulionyesha michezo mifupi kuhusu Wahindi wa Uganda. Upande ule umeshaanza kusimulia. Hadithi yao kwa sehemu yake kubwa inapita katika nchi hii, na sisi hatujakaa kuisikiliza, wala wao hawajaisikia ya Ombaci. Reli ile haikufika Arua, iliishia Pakwach mwaka 1964. Lakini yaliyotokana nayo yalitufikia sote.

Kuna watakaoniambia: basi andikeni mchezo kuhusu 1972 na 1981, msituletee wafalme wa Ujjain. Nimelifikiria sana jambo hili. Naamini mchezo wa moja kwa moja kuhusu Amin, ukiigizwa Koboko leo, utagawa hadhira kabla ya mtu wa kwanza kufungua kinywa. Kila mmoja atakaa na ukoo wake akisubiri kuona nani ametukanwa. Tamthilia ya mbali inampa mtu nafasi ya kumwangalia shemeji wa mfalme akinyonga mwanamke bustanini na kumsingizia mtu mwingine, akamtambua bila kulazimishwa kumtaja. Verma alifanya hivyo na Tagore mwaka 1977. Michezo ya reli na ya kuondoka Kenya ilikuja robo karne baadaye, kikundi kikiwa kimeshajenga imani ya watu.

Uganda, zaidi ya hayo, si mgeni wa kazi hii. Ukumbi wa taifa wa Kampala ulifunguliwa mwaka 1959, na miaka ya 1960 Waasia wa Afrika Mashariki walikuwa wakiandika kwa ajili ya jukwaa na redio. Kuldip Sondhi wa Mombasa aliandika michezo juu ya Waafrika na Wahindi wanaoishi jirani bila kujuana. Jagjit Singh, mshairi wa Uganda, alipata tuzo ya BBC kwa mchezo wake wa redio, Sweet Scum of Freedom. Robert Serumaga na kikundi chake cha Abafumi walifanya Renga Moi, mchezo unaotokana na simulizi ya Waacholi, wakichanganya lugha, ngoma na miili, na mwaka 1975 waliupeleka London. Lakini mlango ulikuwa ukifungwa. Waandishi wa Kiasia walikwenda pamoja na wengine mwaka 1972. Byron Kawadwa, aliyekuwa akiuongoza ukumbi wa taifa, aliuawa mwaka 1977. Nikisema tuanze upya, naanzia hapo walipokatishwa.

Maigizo tunayoyaona sasa West Nile mengi ni ya miradi. Kikundi kinaitwa kuigiza umuhimu wa chandarua au hatari ya ndoa za utotoni, watu wanacheka, ujumbe unarudiwa mara tatu, na wiki inayofuata kuna mradi mwingine. Siyadharau, yameokoa watu. Ila mwigizaji aliyefanya michezo hiyo kwa miaka kumi hajapata hata mara moja kuigiza mtu anayependa mahali asipopaswa, au mwizi mwenye aibu, au askari anayedanganya kwa wema. Vipaji vipo. Kwaya zetu zinapiga adungu kwa ustadi ambao ukumbi wowote duniani ungeupigia makofi, na tarumbeta za agwara zikilia kwenye kilima kimoja, kilima cha pili kinajibu. Mahali pa kufanyia mazoezi pia papo: Bidibidi ina kituo cha muziki na sanaa kilichokamilika miaka michache iliyopita, chenye jukwaa la wazi na paa linalokinga maji ya mvua kwa ajili ya jamii. Kwa maleba, familia za Kihindi zilizorudi Arua kufanya biashara zinajua kufunga sari na zinajua ngoma gani hupigwa harusini. Waombwe, na wakikubali, wapewe nafasi jukwaani, si kwenye viti vya wageni waalikwa tu. Mmoja wao aigize askari. Mkakwa aigize Charudatta. Msichana wa Sudan Kusini aigize Vasantasena, kwa kuwa ndani ya tamthilia ile yeye ndiye anayepanda gari lisilo lake, anapelekwa asikotaka, na anarudi akiwa hai.

Sehemu ya mwisho ya mchezo inahitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Charudatta amehukumiwa. Wanyongaji wawili wanamwongoza kwenda kuuawa, ngoma inapigwa, kila kituo tangazo linasomwa. Wawili hao wanabishana zamu ni ya nani. Yule mwenye zamu anasema baba yake alimwusia asiharakishe kumuua mtu: huenda tajiri akamkomboa, huenda mfalme akapata mtoto wa kiume na wafungwa wakaachiwa, huenda tembo akakata kamba watu wakatawanyika, huenda serikali ikabadilika. Na inabadilika. Upanga unamponyoka, Vasantasena anafika mbio, habari zinakuja kwamba Palaka ameuawa na mchunga ng'ombe ndiye mfalme. Samsthanaka anakamatwa, umati unataka auawe. Charudatta anasema aachiwe. Hapo Arua itasikiliza kwa makini. Mabadiliko ya serikali tumeyaona, na kila mara aliyeshinda alikuwa na orodha. Mwongozaji asilipitishe neno la Charudatta haraka haraka kama tamati ya hadithi ya watoto. Umati ubishe, upige kelele, na baadhi yao waondoke jukwaani bila kukubali.

Kuhusu lugha nimeshapanga. Charudatta na hakimu wazungumze Kiingereza cha mahakamani mpaka mambo yatakapowazidi, ndipo warudi kwenye Kilugbara. Vasantasena na watu wa nyumba yake wazungumze Kinubi, lugha ambayo Arua na Koboko huisikia zaidi majumbani kuliko majukwaani. Wanyongaji wapewe Kikakwa na Kiaringa, wabishane zamu huku na huku. Kiswahili ndicho kilichonisumbua. Katika Uganda kilikwisha kujulikana kama lugha ya kambi, lugha ya mtu mwenye bunduki mlangoni, na wepesi wa kukigawa ungekuwa kukipa kwa wabaya watupu. Mimi nakipeleka kizuizini. Chandanaka amfiche Aryaka kwa Kiswahili, kile kile ambacho wachuuzi wa Ariwara hukitumia kupitisha mizigo na watu. Na Viraka anayemshuku, anayetaka kufunua pazia kwa nguvu, amjibu kwa Kiswahili hicho hicho.